Kumi na nne kwa lita: hesabu za yadi na hesabu za Mandela Road

Bei ya gari yadi haina shida sana, imebandikwa kwenye kioo, unaiona, unaanzia hapo kushusha mpaka mnaelewana. Shida ni ile bei ya pili ambayo haibandikwi popote, yani bei ya kuishi na hiyo gari kila mwezi. Hiyo unapewa kwa mdomo tu, na kwa mdomo kila kitu ni rahisi, mafuta haili, bima kidogo tu, spea zimejaa Kariakoo, fundi yeyote anaijua. Mimi nimenunua gari ya namna hiyo Oktoba 2023 hapa hapa Dar na nimekaa nayo mpaka 2025 nilipoiuza, na muda wote huo kila shilingi iliyoingia kwenye ile gari nilikuwa naiandika kwenye simu maana kazi yangu ni uhasibu na ukishazoea kuandika huwezi kuacha, kwa hiyo ninayosema hapa sio ya kuhisi.

Yadi sitaitaja. Gari nayo sitaitaja aina maana mashabiki wake ni wakali kuliko Simba na Yanga, jueni tu ni ile ya juu ya Kijapani ya mwaka 2009, cc 2000, 4WD, gia CVT, yani otomatiki ile inayotumia mkanda badala ya gia za meno, ilikuwa imeshuka melini haijatembea Bongo. Kabla yake nilikuwa na Toyota IST, gari ndogo tu, ambayo haikuwahi kunisumbua, ila watoto walikua na barabara ya kwetu Goba huko ndani kipindi cha masika haitaki gari ya chini, basi.

Jamaa aliyetuhudumia alikuwa kijana mtanashati, anaongea vizuri, hana haraka, anakuita dada mpaka unajisikia ni ndugu. Nilimuuliza maswali yangu manne nikaandika majibu pale pale akiwa anaona. Mafuta? Lita moja kilomita 14. Bima? Laki moja na kumi na nane tu dada. Sevisi? Kila kilomita 5,000, elfu themanini inatosha oili na filta. Matengenezo makubwa lini? Hapo akacheka, akanionyesha dashibodi, kilomita 68,000, "hii bado bikra, ukifika laki moja ndo uanze kufikiria hayo mambo." Afu akaongezea kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka nacheka, akasema na uzuri wa hii gari hailipiwi road licence.

Road licence ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017 kwa magari yote nchini, ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 ikaongezwa kwenye kila lita. Kwa hiyo sio ofa ya yadi wala sio uzuri wa ile gari, na kama ukiifikiria vizuri ni kinyume chake, gari inayokunywa ndo inalipa zaidi maana unalipia kwa lita. Lakini jinsi alivyoitamka utadhani amemwomba waziri mwenyewe. Ni kitu kidogo, nimekisema kwa sababu kinaonyesha mchezo mzima ulivyo, mengi unayoambiwa yadi sio uongo mtupu, ni ukweli wa mahali pengine umehamishwa ukapachikwa kwenye gari unayoitaka.

Hiyo 14 kwa lita ndo mfano wenyewe. Mume wangu alibisha pale pale, akasema cc 2000 four wheel na foleni hii ya Dar haiwezekani. Jamaa hakukasirika, akafungua mlango, akawasha gari, akabonyeza kitufe fulani na kwenye dashibodi ikaja 13.8. "Shem, hiyo ni kompyuta ya gari yenyewe, sio mimi." Kisha akatuzungusha nyuma, kwenye kioo kikubwa chini kuna stika ina maandishi ya Kijapani na +15%, akaigonga kwa kucha, "na hii ni serikali ya Japan imethibitisha kwamba gari inabana mafuta."

Sasa tuanze na hiyo 13.8. Ile namba ni wastani tangu mara ya mwisho mtu alipoifuta, na kuifuta ni kubonyeza kitufe kwa sekunde chache tu. Gari ikitoka bandarini usiku, barabara nyeupe, hamna AC, hamna foleni, ukaifuta ukiwa tayari kwenye mwendo, itasoma vizuri tu, na inabaki hivyo hivyo ikiwa imepaki yadi ikisubiri wateja. Haijadanganya, imesema habari za safari yake ya mwisho. Mimi nilipoichukua nikaifuta nikaanza kwenda nayo kazini, ikashuka mpaka kwenye tisa na pointi na ikaganda hapo.

Ile stika nayo niliipiga picha nikaitafsiri na simu baadaye. Inachosema ni kwamba gari imevuka kiwango cha matumizi ya mafuta cha mwaka wa Heisei 22 kwa kalenda ya Kijapani, ambao ni 2010, kwa asilimia 15. Kiwango chenyewe kilikuwa kinapangwa kwa madaraja ya uzito, gari nzito inashindanishwa na nzito wenzake. Kwa hiyo gari zito likiwa na stika haina maana linakula kidogo kuliko IST isiyo na stika, ina maana limefanya vizuri darasani kwao tu.

Na hata ile 14 yenyewe hakuitunga. Ukitafuta kwenye karatasi za Kijapani za gari za miaka ile utakuta namba za aina hiyo, zimetoka kwenye kipimo walichokuwa wanakiita 10-15, kilianza 1991 na mwaka 2011 kikawa kimeshapokewa na kingine kinaitwa JC08. Gari inapandishwa kwenye rola ndani ya chumba, injini imeshapashwa moto, AC imezimwa, mwendo wa juu kabisa kilomita 70 kwa saa, breki na gia kwa mpangilio uleule kila mara. Wajapani wenyewe walishakubali kwamba kipimo kilikuwa kinawapa namba tamu ndo maana wakakibadilisha. Sasa wewe chukua hiyo namba, iweke ndani ya gari ya miaka 14, plagi hujui zilibadilishwa lini, sensa ya oksijeni imechoka, ipeleke Mandela Road saa kumi na mbili jioni katikati ya malori ya bandarini, AC namba tatu, mtoto nyuma anasema anasikia joto.

Mimi natoka Goba napita Makongo natokea Sam Nujoma, Ubungo, halafu Mandela mpaka Kurasini. Kwa watu wasioijua hiyo njia, daraja la Kijazi pale Ubungo na la Mfugale pale Tazara zimesaidia kweli lakini katikati yake, Buguruni pale na Tabata, gari inaweza kukaa dakika nyingi inanguruma tu bila kusogea, na gari ikinguruma imesimama inafanya sifuri kwa lita. Nilikuwa napima kwa njia ya zamani, ile ambayo mzee wangu alikuwa anafanya na pikapu yake, unajaza tanki mpaka bomba linajikata lenyewe, unafuta kilomita za safari, unatembea kawaida siku zako zote, ukirudi unajaza tena sheli ile ile mpaka bomba lijikate, unagawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Ilikuwa inanipa 8.5, wakati mwingine 8.3, ikitokea wiki ya likizo za shule foleni imepungua inafika 9. Dashibodi kila mara ilikuwa juu ya hapo kidogo, hata kompyuta ya gari ina ukarimu wake. IST kwenye njia hiyo hiyo ilikuwa inanipa 12.

Sasa weka pesa. Oktoba 2023 bei kikomo ya EWURA, wale wanaopanga bei za mafuta nchini, kwa petroli hapa Dar ilikuwa 3,281 kwa lita, tena mwaka mmoja nyuma, Agosti 2022, ilishafika 3,410. Mimi kwa mwezi natembea kama kilomita 1,500. Kwa hesabu ya yadi, 14 kwa lita, hiyo ni karibu lita 107, laki tatu na hamsini na kidogo. Kwa hesabu ya Mandela Road, 8.5, ni lita 176, laki tano na sabini na tisa. Tofauti ni laki mbili na ishirini na saba kila mwezi, hiyo ni ada ya mtoto shule za kawaida kabisa, na hakuna siku utaiona imetoka kwa mkupuo, inatoka elfu thelathini thelathini sheli na unajiambia tu mafuta yamepanda.

Lakini mafuta ndo kitu ambacho kila mtu anauliza, na ndo maana jibu lake liko tayari limepigwa pasi. Nikiangalia maandishi yangu ya mwaka wa kwanza, mafuta hayakuniumiza kama vitu ambavyo sikujua vina bei.

Bima kwa mfano. Ile laki na kumi na nane ni kweli kabisa, ndo bima ndogo ya gari binafsi, laki moja na VAT yake ya 18. Lakini gari nilikuwa nanunua kwa mkopo wa benki, na yule kijana alikuwa anajua, proforma ya kupeleka benki aliichapa yeye mwenyewe akaipiga muhuri. Benki haikupi mkopo wa gari bila bima kubwa, na inatakiwa iwepo muda wote wa mkopo. Bima kubwa kwa gari binafsi nilipewa 3.5% ya thamani ya gari, gari ilikuwa milioni 26, hiyo ni 910,000, ongeza VAT inakuwa 1,073,800. Kwa mwaka. Na mwaka wa pili inakuja tena. Mtu amekuandikia karatasi ya benki kwa mkono wake afu anakutajia bima ya laki moja, hapo siwezi kumtetea kwamba ni lugha ya biashara.

Elfu themanini ya sevisi nayo inawezekana, ukiweka oili ya pipa ya kupimiwa na filta ambayo boksi lake limeandikwa vibaya jina la kampuni. Fundi wangu wa Sinza alikataa. Alisema injini hizi zinataka oili nyepesi, galoni ya lita nne halisi, na kwa ile filta ya kweli na kazi yake ikawa inakuja 165,000 kila sevisi. Kwa kilomita zangu hizo ni karibu kila miezi mitatu.

Tairi ndo kali. Zilikuwa na kashata nzuri nzuri, yale meno ya tairi, mwenyewe nilizisifia, tena yule kijana alisema "tairi hizi unatembea nazo miaka miwili." Fundi akainama akasoma ubavuni, imeandikwa STUDLESS na chini yake namba 3815. Hiyo 3815 maana yake imetengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2015. Na hizo tairi ni za theluji, gari nyingi zinatoka Japan na tairi za majira ya baridi, mpira wake ni laini makusudi ili zishike barabara yenye barafu, sasa kwenye lami ya Dar mwezi wa pili mpira laini unaisha kama ufutio na kabla haujaisha unang'ang'ania barabara na kukuongezea mafuta. Haikupita muda mrefu zikaanza kupasuka mbavuni. Tairi mpya za rimu 17 zilikuwa 310,000 moja, nne zote 1,240,000. Nikakumbuka IST yangu na tairi zake za kitoto nikanyamaza.

Nimeacha jambo la kilomita mpaka hapa makusudi maana ndo limebeba mengine yote.

Siku hiyo nilikuwa napeleka gari kuoshwa hapo Makongo, kijana wa kuosha amefungua mlango wa dereva anafuta ule ukingo ambao ukifunga mlango hauonekani. Kuna vumbi na grisi vimegandamana pale, anasugua na kitambaa, ikaanza kutokea stika ndogo nyeupe, saizi ya kiberiti, ina picha ya kopo la oili na maandishi ya kalamu ya wino yamefifia. Akaniita "madam hii niitoe?" Nikamwambia usiiguse. Wajapani wakimwaga oili gereji huwa wanabandika stika kama hiyo, tarehe ya leo na kilomita za leo, ili mwenye gari ajue arudi lini. Mstari wa juu ulikuwa 29, 5, 12. Heisei 29 ni 2017, mwezi wa tano tarehe 12. Mstari wa chini yake kilomita, 94,310.

Dashibodi siku ile ilikuwa inasoma sabini na moja elfu na kitu.

Watu wengi wanadhani kurudisha kilomita, yani kuishusha namba ya dashibodi, kunakuumiza kwenye bei ya kununulia tu, kwamba umelipa zaidi ya thamani. Kweli, lakini sio hapo tu. Ratiba nzima ya gari unaipanga kwa ile namba. Oili ya CVT unaambiwa bado, plagi bado, shokapu bado, mpira wa fen belti bado, maji ya rejeta bado, vyote bado kwa sababu namba ni 68,000, na kumbe gari iko laki moja na ngapi huko hakuna anayejua, vyote vimeshapitiliza muda. Kwa hiyo yule mtu hakunipunja kwenye bei tu, alinificha bili zilizokuwa zimeshafika mlangoni.

Fundi alipofungua nati ya chini ya gia boksi oili ikatoka nyeusi inanuka kuungua. Akanionyesha kwenye kidole, akasugua, akanusa, akaniambia "mama, hii hatuwezi kusema bado." Tukaweka oili yake yenyewe ya CVT, tukabadilisha na filta, 380,000 na ufundi. Akanisisitiza nisije nikakubali mtu aniwekee ATF, oili ya otomatiki za kawaida, kwa sababu eti ni bei rahisi, CVT ikiwekewa hiyo inakufa, na akiniambia inakufa hatanii, aliniambia niende Ilala Shauri Moyo nikaulize tu bei ya gia boksi yenyewe used ili nijue naogopa nini. Nilienda. Milioni mbili na laki nne, bila kufungwa, na garantii yake ni mpaka utoke getini. Shokapu za mbele zikafuata 420,000, kisha bush, kisha plagi.

Nikarudi yadi na picha ya ile stika. Yule kijana akaikuza kwa vidole, akaisogeza huku na huku, akasema "dada, huu unaweza kuwa mlango wa gari nyingine, Wajapani huwa wanabadilisha milango." Nikamuuliza mlango wa gari nyingine rangi ile ile? Akasema gari nyeupe ni nyingi Japan. Mume wangu ilibidi atoke nje kidogo.

Mwenye yadi alikuwa mzee mtulivu, akatoa mkataba akanionyesha mstari wa chini, mnunuzi amelikagua gari na ameridhika nalo jinsi lilivyo. Hapo wengi wanaondoka. Mimi nilikuwa na ujumbe kwenye simu, siku mbili kabla ya kulipa nilimuuliza kijana tena kwa maandishi na akajibu kwa maandishi, "14 kwa lita dada, km 68 original kabisa." Nikamsomea mzee kwa heshima, nikamwambia shikamoo baba, mimi sijaja kugombana, ila Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi na mstari wa mkataba unaosema jinsi lilivyo haumruhusu mtu kuandika original kitu ambacho sio original, na Tume ya Ushindani iko hapa hapa mjini. Mzee akamwangalia kijana muda mrefu. Kilomita akasema yeye gari aliletewa hivyo na msambazaji wa huko, na inawezekana ni kweli, sikuwa na namna ya kujua imerudishiwa wapi. Mwisho wa yote akanilipia oili ya CVT na shokapu, laki nane, baada ya kumwonyesha risiti za fundi. Tairi alikataa, akasema tairi kila mtu ana macho. Mafuta hata hakutaka kuyasikia, "mafuta ni mguu wa dereva."

Hilo la mguu wa dereva lina ukweli wake na ndo kichaka chao kikubwa, maana hakuna namna ya kumthibitishia mtu kwamba mguu wako hauna tatizo. Ndo maana kwenye mafuta huwa sibishani na muuzaji kabisa, natafuta mtu mwenye gari kama hiyo anayepita njia kama yangu nakaa nae nanywa nae soda. Madereva wa teksi za mtandaoni ni wazuri kwa hili, wale wanajua gari yao inakula ngapi mpaka pointi maana ndo ugali wao, na hawana cha kukuuzia.

Mdogo wangu alipotaka gari mwaka jana nilimsindikiza yadi nyingine, anatafuta ya cc 1500. Kijana wa pale akaanza na 18 kwa lita. Nikamwambia sawa kaka, nitakutumia ujumbe wa nilivyokuelewa, mafuta 18, kilomita hizi, bima hii, sevisi hii, wewe nijibu ndio tu. Nikautuma tumesimama nae hapo hapo. Akausoma. Akaanza "sister unajua mafuta inategemea na njia, na uendeshaji, na AC..." ikashuka 15, ikashuka 13 na 14 hapo. Sikuwa nimemtisha wala kumtajia sheria yoyote, ni maandishi tu yaliyomshusha. Kilomita hakujibu kabisa mpaka kesho yake, na jibu lilipokuja lilikuwa "kama inavyosoma kwenye dashibodi," ambayo ukiisoma vizuri ni sentensi ya mtu makini sana. Tukaomba karatasi ya mnada wa Japan, ile inayoandikwa hali na kilomita za gari ilipouzwa kule, akasema atatafuta. Hakuipata. Tuliinunua yadi ya tatu, waliotoa karatasi bila kuombwa mara mbili, na hata hapo kabla ya kulipa tulichukua namba ya chesesi tukapiga simu kwa wauza spea wa mtaa wa Gerezani tukauliza bei ya vitu vichache tu, shokapu, pedi, filta ya gia boksi na tairi za saizi ile. Ukimaliza hizo simu unaijua gari kuliko aliyekuuzia.

Ile yangu niliuza 2025 mkopo ulipoisha. Na hapa niseme kitu kwa haki, ile gari haikuwa mbaya. Kwenye safari ndefu ilikuwa nyingine kabisa, Dar mpaka Dodoma kwa 80 ile ya kuogopa tochi za trafiki ilikuwa inanipa 12 na zaidi, imetulia, watoto wamelala. Ilikuwa gari ya barabara kuu imeuziwa mtu wa foleni.

Dalali niliyempa akaleta watu, na kila aliyekuja swali la kwanza ni lile lile, inakula ngapi. Nikawa nawaambia, mjini nane na nusu, safari 12, kilomita za dashibodi sio za kweli na picha ya stika hii hapa, tairi mpya, oili ya CVT ilimwagwa tarehe fulani risiti hii. Wa kwanza akashukuru akaondoka. Mwingine aliniambia dada mbona jirani yangu anayo kama hii inampa 15, nikamwambia anunue ya jirani. Bei ikawa inashuka huku nyingine kama yangu, ya mwaka ule ule, yenye kilomita za hadithi, ikaondoka yadi kwa milioni zaidi. Mpaka alipokuja kaka mmoja anafanya kazi Dodoma, kila mwisho wa wiki yuko njiani, akauliza maswali ya tairi na gia boksi kuliko ya mafuta, akalipa milioni 19 na nusu.

Dalali alikuja kuchukua chake akiwa amenuna. Akahesabu, akaweka mfukoni, akaniambia dada ungenyamaza tu hii gari tungeipiga wiki ya kwanza kwa ishirini na mbili. Nikamuuliza na wewe ungemwambia inakula ngapi? "Kumi na nne," akasema, bila hata kufikiri.